Redio Ikitaja Mvua Kubwa

Redio ikitangaza kuwa mvua kubwa itanyesha mkoani Manyara, wewe hufanya nini? Wengi wetu hutoka nje na kutazama juu. Tukiona anga ni jeupe hapa Getanuwas, tunasema redio imedanganya. Kisha tunaendelea na kazi zetu.

Mimi nasema redio haikudanganya. Mkoa wetu ni mkubwa. Mvua inaweza kunyesha mlimani, nawe uliye bondeni usipate hata tone. Lakini maji hayabaki mlimani. Yanashuka kwa njia ya makorongo. Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa ghafla, huku jua linakuwakia kichwani.

Wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wakisema "mvua kubwa", wana maana ya mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Ukipima kwa rula, milimita 50 ni kama upana wa vidole vitatu tu. Lakini ikianguka katika eka moja, ni maji ya mapipa elfu moja. Sasa hesabu mwenyewe eka zilizo ubavuni mwa Mlima Hanang.

Watu wa Katesh wanajua. Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi mapema, sehemu ya mlima iliyokuwa imeshiba maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka mpaka mjini Katesh na vijiji vya jirani, kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengine walikutwa majumbani mwao.

Kwa hiyo usiulize tu, "Je, kwangu kunanyesha?" Uliza, "Maji ya mlimani yakija usiku, tutakwenda wapi?" Wanakitongoji wakutane walijibu swali hilo kungali mchana. Bibi asiyeweza kutembea atabebwa na nani? Watoto watalala nyumba ya nani?

Tuambiane ukweli pia juu ya ng'ombe. Mtu anaona ndama wake ng'ambo ya korongo. Anavua viatu, anaingia. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Na maji ya tope hayaonyeshi shimo. Ndama angojee. Kukiwa na ukungu ni vibaya zaidi, maana huoni ng'ambo, na mwenye pikipiki hakuoni wewe.

Baada ya mafuriko, maji ya kisima huchanganyika na ya vyoo. Ndipo kuhara na kipindupindu huingia. Tunaambiwa tuchemshe maji ya kunywa. Ni ushauri mzuri, lakini tuchemshe kwa kuni zipi? Zote zimelowa. Mama anapuliza moto mpaka macho yanamwuma, mwishowe watoto wanakunywa maji mabichi.

Ndiyo maana mimi nahesabu kuni kavu kuwa kazi ya afya, sawa na kuchimba choo. Siku onyo linapotolewa, ingizeni ndani kuni za siku tatu hivi. Jazeni madumu maji safi, myafunike. Na kazi hii si ya akina mama peke yao. Mara nyingi baba ndiye akaaye karibu na redio, na ndiye asikiaye habari kwanza. Basi na ashike shoka.