Acheni Kupimia Gari Mlimani

Wiki mbili zilizopita, kwenye koito, yaani sherehe ya mahari, ya binti wa jamaa yetu kule Litein, mjomba wangu alinyanyuka akaonyesha nje ya hema lilipoegeshwa gari lake, RAV4 ya cc 2,000, na nyuma yake trela ndogo ya kambi aliyoundiwa na fundi wa jua kali. Desemba anataka kuwapeleka wajukuu Maasai Mara kwa njia ya Kaplong, Bomet na Mulot, wawe wanalala humo ndani. Nikamuuliza kama trela ina breki. Akanijibu mbele ya wazee, kwa sauti ya kufunga mjadala: "Kijana wangu, hii imepanda mlima wa Chepsir bila kutoa jasho. Likipanda, limeweza." Wazee wakapiga makofi. Mimi chakula kikanishinda.

Hilo neno, likipanda limeweza, nimelisikia gereji, nimelisikia kwenye vituo vya mafuta, nimelisikia hata kwa watu waliosoma fizikia hadi chuo kikuu. Ni uongo, na katika nchi hii ya majani chai ni uongo wa kuua. Gari likishindwa na mlima, hunguruma, hupunguza mwendo, huzimika. Unatia jiwe nyuma ya gurudumu na kuita vijana wasukume. Umepata aibu, basi. Gari likishindwa na mteremko, nani atakutilia jiwe?

Hebu tufanye hesabu ya sokoni. Gari dogo la aina hiyo, likiwa na watu na mizigo, lina kilo 1,600 au zaidi. Trela yenye vitanda, jiko, mtungi wa gesi na tangi la maji inafika kilo 700 bila wewe kujua. Uzito umeongezeka kwa karibu nusu. Breki zimeongezeka kwa kiasi gani? Hazijaongezeka hata kidogo. Zile zile za magurudumu manne ya gari, zilizopimwa kwa gari peke yake, sasa zinamzuia na mgeni anayekusukuma kutoka nyuma. Injini haihusiki na swali hilo. Unaweza kuwa na turbo, unaweza kuwa na cc 3,000, breki hazijui.

Ninalolisema limenipata. Miaka sita iliyopita nilikodi trela ya kambi, haina breki, nami sikuuliza. Tulitoka Kericho, mji ulio kwenye mita 2,000 hivi, tukielekea Kisumu, ambako ziwa liko kwenye mita 1,130 na ushei. Tofauti hiyo yote ya karibu mita 900 unaishuka kabla ya kufika uwanda wa Kano. Nilikuwa nimeacha gia kwenye D, mguu juu ya breki, nagusa, naachia, nagusa, naachia. Kwanza ikaja harufu, kama ya kitambaa kinachoungua pasi. Mke wangu akauliza ni nini, nikasema labda watu wanachoma mkaa. Kisha pedali ikaanza kuzama. Mtu ambaye pedali haijawahi kumzamia hawezi kuelewa jinsi mguu unavyotafuta kitu cha kukanyaga na kukuta hakuna.

Baadaye fundi mmoja mzee alinieleza kilichotokea. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yapite nyuzi 230. Lakini yananyonya unyevu, na hewa yetu ya Kericho ni unyevu mtupu, na yakishalowa huweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga mvuke. Mimi nilikuwa sijabadilisha mafuta hayo tangu ninunue gari. Nilirudisha gia hadi L, injini ikalia kama inapasuka, nikavuta handibreki kidogo kidogo, nikalisugua gari kwenye ukingo wa udongo hadi likasimama. Mwanangu wa miaka minne alikuwa amelala kiti cha nyuma. Hakuamka. Kila nikisikia mtu akisifia cc, namwona mtoto yule amelala.

Tena tangi la maji lilikuwa mkiani mwa trela. Kabla hata breki hazijachoka, trela ilikuwa imeanza kuyumba kama mkia wa mbwa. Mzigo mzito hukaa juu ya ekseli, ukielemea mbele kidogo, ili chuma cha kuvutia kibebe kiasi, tuseme sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Aliyenikodisha hakuniambia. Wanakukagua kitambulisho na M-Pesa, mzigo hawaukagui.

Sasa nikiyasema haya, jibu ninalopewa ni lile la matrekta. "Mbona trekta za chai zinavuta trela zimejaa majani kila siku?" Yaani mtu anatazama trekta inayotambaa mashambani kwa gia nzito, mwendo ambao mchuma chai mwenye haraka anaweza kuupita, kisha anahitimisha kwamba yeye naye anaweza kushuka kwa kilomita 80 kwa saa. Hoja hiyo haistahili hata chai ya rangi. Na kama trekta ndiyo mwalimu wetu, basi tujifunze kwake lile moja la maana: inashuka kwa gia ile ile iliyopandia.

Wengine wanasema Wazungu wanavuta trela zao za kambi kwa magari madogo. Ndiyo, wanavuta. Kule Ulaya trela ikishazidi kilo 750 ni lazima iwe na breki zake yenyewe. Gari likipunguza mwendo, trela inalisukuma, na msukumo ule ule ndio unaozikaza breki za trela. Mfumo huo hauna uchawi. Sisi tumechukua picha ya trela tukaacha breki.

Na tunakaa wapi? Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lenye kontena lilipoteza mwelekeo likavamia magari, wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri matatu. Walikufa zaidi ya 50. Sidai kwamba kitrela cha mjomba ni lori. Nasema watu waliozika ndugu zao baada ya jioni ile hawapaswi kupigia makofi gari kwa sababu limepanda. Katika milima hii mvua huja karibu kila alasiri, mara nyingine mvua ya mawe, barabara inageuka nyeupe na matairi yanateleza. Ongeza na matuta yasiyopakwa rangi, ambayo huyaoni mpaka kichwa kigonge dari. Ongeza na dereva anayeshuka nyutro eti anaokoa mafuta! Huyo simwiti dereva.

Anayetaka kuvuta avute. Gari dogo linaweza kuvuta trela nyepesi, na safari ya Mara na wajukuu ni kitu kizuri sana. Lakini swali la kwanza kwa fundi liwe breki ya trela, la pili mnyororo wa usalama, la tatu taa. Nguvu ya injini iulizwe mwisho, muda ukibaki.

Mjomba nimempigia simu jana. Nimemwambia nitamlipia ekseli yenye breki, fundi achague yeye. Akisafiri bila hiyo, mimi na watoto wangu tutapanda matatu mpaka Bomet tumngoje pale, na wajukuu tutawachukua sisi. Amenyamaza kwa muda, kisha akauliza ekseli hiyo inapatikana wapi.