Foleni ya Mungu Isiuzwe

Mwenye pesa si mwenzako, husema Waswahili. Msemo huo naukubali sokoni, na hata hospitalini naumeza kwa uchungu. Mlangoni mwa nyumba ya ibada naukataa. Nitaitetea hoja hii kwa mfano wa Tirumala, hekalu la Kihindu nililolitembelea kusini mwa India.

Hekalu hilo liko juu ya vilima saba vya Seshachalam, katika jimbo la Andhra Pradesh. Wenyewe huamini kuwa vilima hivyo ni vichwa saba vya nyoka Shesha, ambaye Vishnu hulala juu yake. Hapo Vishnu huabudiwa kwa jina la Venkateswara. Mahujaji hufika makumi ya maelfu kila siku, wengine kwa basi, wengine kwa miguu kupitia ngazi zipatazo 3,550 kutoka Alipiri. Wengi wao, wake kwa waume, hunyoa upara ili kutimiza nadhiri. Nilipowatazama walionyolewa sikuweza kumjua tajiri wala maskini. Mtu huacha majivuno yake pale kwa kinyozi, akamwendea Mungu akiwa sawa na mwenzake.

Kisha anafika kwenye foleni, na usawa unaishia hapo. Asiye na kitu hupita mlango wa bure na huweza kungoja saa nyingi. Mwenye tiketi ya rupia 300 hupita njia fupi. Anayechangia rupia 10,000 katika mfuko wa kujenga mahekalu hupewa njia fupi zaidi, sawa na waheshimiwa wa serikali. Wote hao humwona Venkateswara kwa nukta chache tu. Sasa huyu wa rupia 10,000 amenunua nini, kama si haki ya kumpita jirani yake?

Watetezi wana majibu. La kwanza, pesa hizo hufanya mema: hekalu hulisha maelfu bure kila siku na huendesha shule na hospitali. Sibishi. Lakini sanduku la sadaka liko wazi kwa kila mtu, na maskini hutia humo bila kudai kupishwa. Tajiri naye atoe vivyo hivyo, kisha arudi nyuma ya foleni.

La pili, umati ni mkubwa, lazima uwe na utaratibu. Kweli, lakini utaratibu wa haki tayari upo palepale: wazee na walemavu hutengewa njia yao bila malipo. Hao hupishwa kwa sababu ya udhaifu, na hakuna anayenung'unika. Januari 2025, watu 6 walikufa kwa kukanyagana mjini Tirupati, chini ya vilima hivyo, walipokuwa wakigombea tokeni za bure za sikukuu ya Vaikunta Ekadasi. Mwenye kupitishwa njia ya wakubwa hagombei tokeni. Hatari ya umati imeachiwa wasio na pesa.

La tatu, wataniuliza: wewe si Mhindu, yakuhusu nini? Ni kweli, na ndiyo maana sikuingia ndani. Mtu wa dini nyingine hutakiwa kutia saini tamko la kumwamini Venkateswara, nami sitii saini nisichokiamini. Lakini tuangalie kwetu. Ni nani hukalishwa viti vya mbele kwenye harambee ya kanisa? Mchango wa nani hutangazwa kwa kipaza sauti, na wa nani hupita kimya? Kuna wahubiri ambao kuonana nao faragha kuna bei yake. Tofauti na Tirumala ni kwamba sisi hatubandiki bei ukutani.

Wenzangu tunaosoma, na walimu wetu, tusiyacheke ya vilimani tukayafumbia macho ya mtaani. Nyumba yoyote inayofundisha kwamba Mungu hana upendeleo na iwe na mlango mmoja, na wa kutangulia awe mgonjwa, mzee na mlemavu.