Msamaha wa Rais na Mfuko wa Mtu

Ni ada kwetu, ikifika Januari 12, Siku ya Mapinduzi, Rais wa Zanzibar kuwasamehe baadhi ya wanafunzi wa Chuo cha Mafunzo (wafungwa, kwa wageni wetu). Je, mfuko wa mtu utazamwe?

Mimi nasema utazamwe, ila si kumpendelea mwenye nacho. Huyo keshapata nafasi yake mahakamani: hakimu akisema faini au kifungo, analipa, anarudi kwake Mji Mkongwe. Muuza mandazi wa Donge asiyenazo ndiye anayebaki ndani. Huyo aanze yeye kusamehewa.

Sasa tuseme bi harusi kaibiwa dhahabu zake wiki ya harusi. Rais anaweza kumsamehe mwizi kifungo, lakini zile bangili si mali ya Serikali, ni haki ya mja. Mwizi akiwa na uwezo, arejeshe kwanza ndipo jina lake liingie kwenye orodha. Na kama hana kitu? Hapa ndipo mashoga wananikasirikia. Naona atoke, deni limfuate. Suratul Baqara, aya ya 280, inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na wenye madeni wamo katika yale mafungu manane ya zaka. Akiwa ndani hachumi, bi harusi atalipwa na nani?

Orodha ya Januari ijayo ikisomwa, tuambiwe pia wangapi walikuwa ndani kwa kukosa faini tu.