Uwanja wa Msikiti, Maji ya Mvua na Haki ya Jirani

Kila masika yakija tunalaumu mitaro. Tuitazame na ardhi. Palipo Mnazi Mmoja na Darajani leo palikuwa mkono wa bahari, ukitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Jina la Darajani limebaki, daraja halipo. Mkono ule ulifukiwa enzi ya ukoloni, lakini bamvua likikutana na mvua kubwa, maji hurudi palepale. Sasa bahari inapanda, joto linazidi, nasi tunaendelea kuviziba viwanja vilivyobaki.

Niseme wazi: hata misikiti imo. Tunakata mwembe, tunatandika vitofali vya saruji uwanja mzima upate kung'ara, na maji yaliyokuwa yakinywewa na mchanga yanaingia chumbani kwa jirani. Kanuni ya fiqhi ni kutodhuriana, na nia njema haiondoi madhara. Tena Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia penye kivuli wanachopumzikia watu. Ikiwa kukichafua kivuli kumekatazwa, vipi kukiondoa bila ya haja?

Kamati inayotengeneza uwanja iache udongo wazi kuzunguka miti, na kwanza iwaulize majirani wa upande wa bondeni.

Wallahu aalam.