Msomaji wa Miti naye aulizwe: riwaya za Kongo zinamwambia nini?

Riwaya zinazosimulia Kongo na majirani zake zimepata zawadi nyingi miaka hii. Nyingi za zawadi hizo hutolewa Ulaya, na wengi wanaosema kitabu fulani ni kizuri au kibaya ni watu wa huko. Mkaaji wa Miti, mtaani Kabare, penye njia panda ya kwenda Kavumu au kupanda Tshivanga na Bunyakiri, haulizwi kitu. Na hali ni maisha ya watu kama yeye yanayoandikwa.

Hata shuleni haulizwi. Mwanafunzi anatakiwa kutaja mwaka aliozaliwa mwandishi, majina ya wahusika na funzo la hadithi. Hakuna anayemuuliza kama kitabu kilimchosha, kilimkasirisha, au kilimnyima usingizi. Hivyo anakua akijua kusifu tu, na kitabu chenye zawadi anakiogopa kama anavyoogopa mkubwa wa serikali.

Basi vitabu vinne visomwe kwa macho ya Miti, bila woga.

Cha kwanza ni Congo Inc. cha In Koli Jean Bofane, kilichotoka mwaka 2014. Isookanga, kijana Mbilikimo wa msitu wa Equateur, amechoka na miti. Anataka biashara ya dunia nzima, anachukua kompyuta isiyo yake na kwenda Kinshasa. Msomaji wa Miti atacheka sana, maana Bofane anajua kuchekesha. Lakini kicheko kitakwama. Jirani zake ni Watwa ambao wazee wao walifukuzwa katika msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970, baada ya hifadhi kuundwa. Isookanga aliuacha msitu kwa kupenda. Wao waliondolewa, na mpaka leo wanadai ardhi. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliowapa haki. Kwa msomaji huyu, kijana anayeuchukia msitu ni mzaha wenye uchungu, na ana ruhusa ya kusema hivyo hata kama kitabu amekipenda.

Cha pili ni Tram 83 cha Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, nacho cha mwaka 2014. Baa, wachimba madini, wanafunzi, wasichana, gari la moshi, muziki usiku kucha. Kinasomwa kama mtu anayesikiliza orkestra: sentensi inarudi, inazunguka, inarudi tena. Wengine watafurahi mpaka mwisho. Mwingine atakiweka chini mapema, kichwa kikimuuma, na kuuliza kwa nini wanawake wa baa ile wanapita kama kundi moja la sauti, wachache tu wakiwa na hadithi yao. Hilo si swali la mtu asiyesoma. Ni swali la mtu mwenye dada na binti, anayejua kwamba kwenye machimbo ya Kivu kila mwanamke ana jina na sababu iliyomfikisha hapo.

Cha tatu ni Petit pays cha Gaël Faye, cha mwaka 2016. Mtoto Gabriel anaishi vizuri Bujumbura, kisha vita vya Burundi na mauaji ya kimbari ya Rwanda vinaingia mpaka nyumbani kwao. Hapa ndipo machozi yatatoka. Mama anayerudi kutoka Rwanda akiwa na mwili bila roho, mitaa ya Bukavu na Miti inawajua akina mama wa namna hiyo. Tarehe 14 Februari 2025 uwanja wa ndege wa Kavumu, jirani kabisa na Miti, ulitekwa na M23, na siku mbili baadaye Bukavu ikawa mikononi mwao. Aliyelala chini ya kitanda na watoto siku zile hahitaji kuelezwa Gabriel alisikia nini. Ila kuna jambo litamsumbua: Bukavu ya kitabu hiki ni nyumbani kwa mzee wa Kibeleji, kando ya ziwa. Msomaji atatafuta Mkongomani wa Bukavu mwenye hadithi yake, na atabaki na kiu.

Cha nne ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel mwaka 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Hii iko katika Kiswahili, lakini Kiswahili cha Unguja. Msomaji wa Kivu atasimama njiani mara nyingi kutafuta maana. Yusuf anatolewa na baba yake kulipia deni, anafuata msafara wa tajiri kwenda bara. Watu wa pwani wanawaita watu wa bara washenzi. Msomaji wa Miti atashtuka kidogo: huyo mshenzi anayezungumziwa ni babu yake. Na lugha anayosomea tusi hilo ililetwa Kongo mashariki na misafara kama hiyo. Kitabu hakimfichi jambo hili, na hapo ndipo uzuri wake.

Wapo watakaosema kuhukumu riwaya ni kazi ya maprofesa. Kweli, profesa anajua namna kitabu kilivyojengwa. Lakini kama woga wa barabarani umeandikwa sawasawa, aliyekimbia barabara ile na godoro kichwani anajua kuliko profesa. Mwandishi anayeandika juu ya Kivu bila kusikia jibu la Kivu anaongea peke yake.

Shida ipo: vitabu hivi ni ghali kwa mwalimu wa kijijini, na vitatu viliandikwa kwa Kifaransa. Lakini kitabu kimoja kinaweza kupita mikono 20. Kinaweza kusomwa kwa sauti katika radio za jamii, kikaelezwa kwa Kiswahili na Mashi, watu wakapiga simu na kusema ukweli: hapa nililia, hapa nilisinzia, hapa mwandishi alitukosea. Na walimu waongeze swali moja kwenye mtihani: wewe uliona nini? Jibu lolote litakalotolewa kwa moyo na kwa sababu, lipewe pointi.