Eti Kompyuta Haina Ubaguzi? Uliza Nani Aliipa Lengo

Wasee, kuna sentensi moja inanikera: “Achia kompyuta ipange, haina ubaguzi.” Naiskia kwa mat, naiskia kwa simu, hata kwa watu wamesoma. Na si kweli. Kompyuta inajua kupanga, tena vizuri kutuliko. Lakini kabla ipange chochote, kuna mtu ameshaiambia itafute nini.

Programu ya kupanga inahitaji vitu vitatu: uko wapi, unaweza kufanya nini, na unataka kufika wapi. Halafu inatafuta hatua za kukutoa hapa hadi pale. Sema uko Rongai unaenda tao. Ukisema unataka kufika haraka, itakupa mat ya kwanza kutoka. Ukisema bei nafuu, itakuambia ungoje fare ishuke. Ukisema salama, zile mat za kuruka foleni upande wa magari yanayokuja zinatoka kwa listi. Barabara ni ile ile, kompyuta ni ile ile, mipango ni mitatu. Nani alichagua? Si kompyuta.

Na hii si kitu ya jana. Mwaka 1971, Richard Fikes na Nils Nilsson wa taasisi ya SRI huko California walichapisha STRIPS, mfumo uliompangia roboti Shakey hatua za kusukuma maboksi kutoka chumba hadi chumba. Mei 1999, NASA iliacha programu ya Remote Agent ijipangie kazi ndani ya chombo cha Deep Space 1, mbali huko angani. Kwa hivyo usiniambie nachukia teknolojia.

Hata hospitalini naikubali. Kwa matibabu ya saratani kwa mionzi, daktari anaandika: uvimbe upate kiasi hiki, uti wa mgongo usizidishiwe kiasi hiki. Kompyuta inajaribu miale ya kila aina hadi ipate mpango unaofaa. Lakini cheki: lengo limeandikwa wazi, daktari anajulikana, na wataalamu wanakagua mpango kabla mgonjwa alale kwa mashine. Hiyo ni sawa kabisa.

Sasa angalia lengo likifichwa. Desemba 2020, hospitali ya Stanford, Marekani, ilitumia algorithimu kupanga nani adungwe chanjo ya Korona kwanza. Kati ya dozi 5,000 za mwanzo, madaktari walio mafunzoni, zaidi ya 1,300, walipata nafasi 7. Saba! Hao ndio wengi wao walikuwa wodini na wagonjwa. Walipoandamana, wakubwa wakalaumu algorithimu. Buda, hiyo algorithimu ilikuwa kanuni zilizoandikwa na watu. Haikujiandika.

Mfano wa pili ni mbaya zaidi. Mwaka 2019, Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa programu ya kuchagua wagonjwa wa kupewa huduma ya ziada. Programu haikuuliza nani mgonjwa zaidi. Iliangalia nani atagharimu pesa nyingi zaidi. Lakini Marekani, Mweusi na Mzungu wakiwa wagonjwa sawa, Mweusi hutumiwa pesa kidogo. Kwa hivyo akarushwa nyuma ya laini. Watafiti walihesabu kwamba kurekebisha hilo kungepandisha Weusi kwenye kundi la kusaidiwa kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna mtu aliandika “bagua.” Waliandika tu lengo baya, na kompyuta ikatii.

Usicheke Wamarekani. Hapa kwetu SHA ilianza Oktoba 2024. Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75. Mama mboga na msee wa jua kali wanajibu maswali kuhusu nyumba na maisha yao, mfumo unakadiria mapato yao, kisha unawaambia walipe ngapi, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Huu haupangi safari ya roboti, lakini swali ni lile lile. Kila makadirio hukosea. Je, mfumo uliambiwa ni afadhali ukosee kwa kumbana maskini, ama kwa kumwachilia tajiri?

Hilo si swali la kompyuta. Ni la siasa, limevalishwa koti la hesabu ndio tuogope kuuliza.

Kwa hivyo next time mtu akikuambia “mfumo ndio umeamua,” usinyamaze. Muulize: lengo ni gani? Nani aliliandika? Ukikosea, nakuja kwa nani? Akikosa jibu la hayo matatu, hiyo si teknolojia. Ni mtu amejificha nyuma ya skrini, na wewe ndiye unalipa.