Rotich Si Ukoo: Wacheni Kununua Nembo za Majina

Wasee, tuongee ukweli kidogo kuhusu hii biashara ya "nembo ya ukoo wako". Unaingia mtandaoni, unaandika jina lako la mwisho, unalipa, unatumiwa picha ya ngao, simba wawili na taji. Uko tayari kuichapisha kwa tisheti. Ati huo ndio urithi wa babu zako. Urithi gani?

Tuanze huko Uingereza, kwa wenye mchezo. Mwaka wa 1596 John Shakespeare, babake yule mwandishi William, alipewa nembo yenye ngao ya dhahabu na mkuki, kwa sababu nusu ya pili ya jina lao inamaanisha mkuki. Alipewa yeye na uzao wake. Shakespeare mwingine asiye wa uzao huo hakuwa na haki nayo. Kwa hivyo hata Mwingereza anayenunua nembo ya jina lake mtandaoni ameuziwa picha tu.

Sasa lete hiyo hesabu nyumbani. Kiprotich ni jina la Kikalenjin la mvulana aliyezaliwa ng'ombe wakirudi boma. Kipkorir alizaliwa kukikaribia kupambazuka. Wanaweza kuwa ndugu wa baba mmoja. Kwa desturi, wana wa wa kwanza wakishatahiriwa waliitwa arap Rotich, na wa wa pili arap Korir. Yaani jina lilibadilika kila kizazi, hadi shule na kitambulisho zikataka jina moja la familia likakwama hapo. Leo binamu wa damu wana majina tofauti, na kina Rotich wawili wanaweza kuwa hawahusiani hata kidogo. Kina Otieno nao je? Jina lao linasema mtoto alizaliwa usiku. Utawachorea wote nembo moja ya nini, ya giza?

Kinachoniuma ni kwamba alama zetu tunazo. Koo za Kikalenjin zina tiondo: Talai ni simba, Kipkenda ni nyuki, Kipasiso ni jua. Unairithi kwa baba yako, bila kulipa mtu. Na ina kazi. Wazee wakikaa kuzungumzia ndoa, huuliza ukoo na tiondo ili mtu asije akaoa dadake. Wamaasai nao walichora ngao zao kwa michoro inayoitwa sirata, na mwenye kujua aliisoma akatambua shujaa huyo ametoka upande gani.

Najua kuna mtu atasema, "Si ni tisheti tu, mbona unakasirika?" Sawa, vaa. Lakini usiwaambie watoto wako kwamba yule simba wa kudownload ndiye babu yao, kwa sababu wataamini, na wale wangewaambia ukweli hawatakuwepo. Wengi wetu tumezaliwa mjini, tunajua jina la baba na kaunti tu. Ukoo tunauliza siku ya mazishi, wakati mwenye majibu yuko kwa jeneza.

Kwa hivyo hiyo pesa ya nembo, nunua airtime. Pigia shosho, dani, kogo au kuku wikendi hii. Muulize: sisi ni wa ukoo gani, alama yetu ni nini, na hili jina lilikuwa la nani kwanza? Rekodi sauti yake akijibu.